Kikao cha Idi na Mti wa Popo

Ndugu zangu wenye asili ya Pemba, mlioko kisiwani na mlioko Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Maskati, nina ombi moja kwa ajili ya Idi inayokuja. Mkishakusanyika shamba, mkishasali na kula pilau na boko boko, sinia zikishaondoshwa na watoto wakishatoka nje kuhesabu sikukuu zao, msivunje baraza upesi. Kaeni saa moja zaidi. Zungumzeni juu ya miti mikubwa iliyomo ndani ya shamba lenu: ipi itabaki imesimama, nani ataisimamia, na vipi mtamsaidia mwenye mti siku shida ikimbana hata akataka kuuza. Mkinyanyuka hapo mna neno moja, mtakuwa mmewafanyia viumbe wa kisiwa hiki jambo ambalo serikali peke yake haiwezi kulifanya.

Nasema haiwezi kwa sababu ya hesabu iliyo wazi. Pemba ina ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 1,000. Msitu wa Ngezi, ule mkubwa wa kaskazini unaolindwa kisheria, ni hekta zipatazo 1,440, yaani kilomita za mraba 14 na ushei. Ipo na misitu mengine midogo ya hifadhi, kama Ras Kiuyu na Msitu Mkuu. Kilichobaki, ukitoa miji, mabonde ya mpunga na mikoko, ni mashamba: mikarafuu, minazi, miembe, mifenesi, mishelisheli, na katikati yake mvule mmoja hapa, msufi mmoja pale, mizambarau kwenye mteremko. Humo ndimo wanamolala, wanamokula na wanamozaa wanyama na ndege wetu wengi. Wanaishi ndani ya mali ya watu, na watu wenyewe hukutana Idi.

Na wanyama hawa si wa kuokotwa popote. Mkondo unaotutenga na bara una kina cha mita zipatazo 800, na kwa sababu hiyo kisiwa chetu kimekaa peke yake tangu zama za mbali sana. Unguja, ambayo bahari iliyo baina yake na bara si ya kina kirefu, iliwahi kuunganika na nchi kavu pale maji ya bahari yalipoteremka, ndiyo maana ikapata chui na kima punju. Sisi tulibaki na wachache waliovuka kwa mbawa au kwa bahati, na hao wakageuka kidogo kidogo wakawa wa kwetu tu. Yupo popo wa Pemba. Yupo ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani anayekula kuyu na zambarau. Yupo bundi mdogo, yupo chozi wetu, na yupo kindege wa kijani-manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Mahali hapa pakiharibika, hakuna pengine duniani pa kwenda kuwachukua tukawarejesha.

Nitazungumza zaidi juu ya popo, maana ndiye anayehitaji mti mkubwa kuliko wote, na ndiye anayelaumiwa kuliko wote.

Ukitaka kumjua, mpeleke mtoto wako Kidike, karibu na Ole, saa kumi za jioni. Utawasikia kabla hujawaona, maana popo hawa hawanyamazi: wanagombea matawi, wanasukumana, mmoja akitua vibaya wote wa jirani yake humfokea. Wamening'inia mamia kwa mamia, mbawa nyeusi zimewafunika kama mianvuli iliyokunjwa. Tulia umtazame mmoja. Manyoya yake ni ya rangi ya kutu inayokaribia chungwa, uso wake mrefu, masikio yamesimama, macho makubwa yanakutazama moja kwa moja. Joto likizidi huachia bawa moja akajipepea taratibu. Mama mwenye mtoto humkumbatia ndani ya bawa mpaka unaona kichwa tu, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, basi. Jua likishazama wanaanza kuondoka, na akipita mmoja chini chini juu ya vichwa vyenu ndipo mtaona ukubwa wake: kutoka ncha ya bawa hadi ncha inaweza kufika mita 1.6, urefu wa mtu mzima.

Huyu hatumii mwangwi kutafuta njia, kama wanavyofanya popo wadogo wa kwenye mapaa. Anatumia macho na pua. Usiku anafuata harufu ya embe, shelisheli, kungu na kuyu kutoka shamba hadi shamba, kilomita nyingi kwa safari moja. Asubuhi chini ya mwembe utaona kazi yake: kokwa zenye alama za meno, na vidonge vya makapi vilivyofinywa vikakauka, maana popo hutafuna, akameza maji ya tunda, akatema nyuzinyuzi. Mbegu ndogo humeza, akazidondosha akiruka. Tunda analoweza kulibeba huenda nalo mbali, akalila kwenye mti mwengine, na kokwa ikaanguka huko. Mingi katika mikuyu iliyoota kwenye miteremko bila ya kupandwa na mtu ilipandwa kwa njia hii. Msufi nao unachanua usiku, na wageni wa usiku wenye mbawa ndio wanaoutilia mbelewele. Mito ya sufi mnayoilalia shamba usiku wa sikukuu ina mkono wa popo ndani yake.

Tulikaribia kumpoteza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliokizunguka kisiwa waliwaona popo wachache kiasi cha kuhofia kwamba wamo mbioni kutoweka. Sababu zilikuwa mbili zilizokwenda pamoja. Bunduki za kuwindia zilizidi, na wapo waliowinda popo kwa nyama; mtu mmoja mwenye bunduki aliweza kuutawanya mti mzima kwa jioni moja. Na miti yenyewe ilikuwa inakatwa, kwa mashamba, kwa kuni na kwa mbao. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliandikwa duniani katika daraja la viumbe walio ukingoni kabisa.

Kilichomrudisha ni watu wa vijijini. Katika miaka ya 1990 Idara ya Misitu, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International, ilipita vijijini kuzungumza na wazee, na vikaundwa vikundi vya kuwalinda popo kwenye maeneo wanakolala. Vijana waliokuwa wakiwapiga mawe wakageuka kuwa walinzi wao. Skulini walimu walianza kuwasomesha watoto kwamba popo huyu ni wa kwao peke yao. Kidike watu wakaweka njia ya wageni na kiingilio, fedha zikaingia kijijini. Miongo miwili baada ya ile hofu, walipohesabiwa tena, walipatikana zaidi ya 20,000. Daraja lake likashuka, ingawa bado yumo katika viumbe walio hatarini. Mimi husema kila ninapopata nafasi: hili ni moja katika mambo makubwa ambayo Wapemba wamewahi kuyafanya pamoja, na wengi wetu hatulijui.

Tunakoelekea sasa ndiko kunakonitia wasiwasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,000 na ushei kisiwani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 543,000. Ni watoto wetu, na kila mmoja anastahili nyumba. Lakini nyumba zinajengwa mashambani, na kiwanja kinapopimwa mti wa kwanza kuangushwa ni ule mkubwa, kwa sababu unatisha, unatia kivuli na unauzika. Bunduki tumeshaziweka chini. Msumeno wa injini ndio uliobaki, na huo haumlengi popo hata kidogo; yeye hukuta tu jioni kwamba pa kulala hapapo.

Tunajua wenyewe namna mashamba yetu yalivyo. Mzee amefariki, ameacha wake wawili na watoto kumi. Mirathi imepigwa kwa mujibu wa sheria, lakini mipaka imebaki vichwani mwa watu wazima. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mkarafuu wa shangazi umesimama kwenye sehemu ya ami. Mnazi wa mjomba umeinamia banda la mkwewe. Wengine wamerithi eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na eka hizo tatu sasa zina wajukuu na vitukuu. Mkarafuu una watetezi wengi, maana unaleta fedha na kuukata bila ya ruhusa ni kosa. Lakini ule mti mkubwa wa katikati, usiozaa karafuu wala nazi, kila mmoja anadhani ni wa mwenziwe. Siku mmoja akibanwa na ada au gharama za hospitali, anakuja mnunuzi wa mbao asubuhi, na hadi magharibi msufi uliokuwepo kabla babu hajazaliwa umelala chini. Wenye shamba wengine hupata habari kwa simu wiki ya pili, na hapo unaanza ugomvi wa fedha.

Simlaumu aliyebanwa. Aliye na mgonjwa kitandani hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya popo. Namlaumu zaidi yule aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia asiulizwe wala asiulize. Ndiyo maana nasema kikao kiwe Idi, wakati walio na shida na walio na uwezo wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Nazijua hoja zitakazotolewa pale ukumbini, na ni za haki, zijibiwe kwa heshima.

Kwanza atasema mtu: popo wanamaliza maembe. Wanakula, ni kweli, tena wanakula mazuri. Lakini angalieni wanakula yepi. Popo hutaka embe lililowiva mtini. Embe la kwenda sokoni au la kupakiwa kwenye boti huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, likavundikwa. Mwenye kuchuma kwa wakati hupoteza machache. Yale ya kileleni, yasiyofikiwa na upondo, yangeanguka yakaoza. Na tukumbuke tuliyosomeshwa chuoni tangu tukiwa wadogo: apandaye mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hatukuambiwa tuchague ndege mzuri wa sura tumuache popo.

Kama hilo halimtoshi mwenye maembe, ajue yaliyotokea Mauritius. Huko nako kuna popo wa jamii hii hii, na wakulima wa maembe na laichi walilalamika vivyo hivyo. Mwaka 2015 na tena 2016 serikali iliamuru wapunguzwe, wakauliwa makumi ya maelfu. Mavuno hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2018 popo wa Mauritius akapandishwa daraja la hatari duniani. Visiwa vile vile, Mauritius na Réunion, vilikuwa na popo mwengine mdogo zaidi. Huyo alikwisha kabisa katika karne ya 19, na aliyebaki ni wa kwenye makabati ya makumbusho.

Pili watasema wana kelele, wanachafua, na wana maradhi. Kelele na uchafu vipo, basi mti wa popo usiwe juu ya banda la jikoni. Tutachagua ule wa pembeni. Kuhusu maradhi niseme wazi, maana ni jambo la afya: mnyama wa porini yeyote asishikwe kwa mkono mtupu. Popo aliyeanguka asiokotwe na mtoto. Mtu akiumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende hospitali siku ile ile. Tunda lenye alama ya meno lisiliwe, hata kwa kukatwa upande. Hayo yakifuatwa, popo aliye juu ya mti wake na nyinyi mlio chini hamna ugomvi. Wanaoyasogelea maradhi ni wanaomwinda na kumchuna.

La tatu ni la bundi, na kwa hili nazungumza na wazee wetu kwa adabu. Bundi wetu ni mdogo, anatoshea kwenye viganja viwili. Usiku hutoa sauti fupi, moja moja, kwa kituo. Anaishi Ngezi, lakini anaishi pia kwenye mashamba ya mikarafuu ya zamani, yale yenye vichaka chini ambayo hayajasafishwa mpaka udongo ukaonekana. Kazi yake ni kula panzi na wadudu wakubwa wa usiku. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa sauti ile ni habari ya msiba, na hufukuzwa kwa mawe na kwa kijinga cha moto. Nawaombeni bibi na babu zetu, kwa kuwa maneno yenu ndiyo yanayobaki kwa watoto, usiku wa Idi atakapolia waambieni wajukuu: huyu ni wa Pemba tu, hayupo Unguja wala Tanga wala Maskati. Mtoto atakayelala na maneno hayo hatarusha jiwe asubuhi.

Sasa nirudi kwenye kikao na mambo yake.

Chagueni miti, au pembe ya shamba. Haihitaji kuwa kubwa. Kuna popo wengi wanaolala kwenye vijisitu vya makaburini, kwa sababu tu wazee hawakuruhusu kukatwa mti palipo na maiti wao. Heshima ile ile, bila ya sheria wala mlinzi, imewahifadhia popo makaazi kuliko tunavyokiri. Kama familia yenu ina kaburi la zamani lenye miti, anzeni hapo. Mmeshafika nusu ya njia. Kama hamna, angalieni korongo au mteremko usiolimika, palipo na mvule, msufi au mkuyu mkubwa. Pitieni kwa miguu nyote baada ya alasiri, wazee mbele, watoto nyuma. Mzee awaonyeshe miti na aitaje: huu ulipandwa na nani, huu tuliukuta, huu babu yenu alikuwa akifungia ng'ombe wa mchezo. Watoto waliokulia mjini au Ghuba hawajui mbungo na mzambarau vinatofautiana vipi, na si kosa lao.

Kisha lizungumzeni la fedha bila ya kuoneana haya. Ulizeni mnunuzi wa mbao angetoa kiasi gani kwa mti ule. Mkishaijua bei, walio na uwezo wachange wamlipe mwenye mti, nusu au yote, kwa makubaliano kwamba mti hautakatwa. Familia zinachanga kila siku kwa harusi na kwa misiba, na wengi wenu mlioko Maskati na Dar es Salaam mmejenga misikiti na visima kijijini kwa mtindo huo huo. Huu ni mchango mdogo kuliko hiyo. Na panapobaki dhiki ya mwenye mti, familia imjue na imshike mkono kabla hajamwita mwenye msumeno.

Wanaotaka jambo lidumu zaidi wana njia ya wakfu. Mababu zetu waliweka wakfu minazi kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti na mashamba kwa ajili ya kizazi chao. Sioni kwa nini kijisitu cha familia kisiwekwe wakfu, kivuli chake, maji ya chemchemi yake na matunda yake yakawa ya ahali na viumbe, kisiuzwe wala kukatwa. Waulizeni mashekhe wenu namna ya kulifunga, na mlipeleke Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana lisajiliwe. Kule kisiwani Misali, mwishoni mwa miaka ya 1990, mashekhe na wavuvi walikaa pamoja wakazungumza uhifadhi wa bahari kwa mujibu wa Qur'ani, na maneno yakawaingia wavuvi kuliko mabango. Dini yetu ina nyenzo za kazi hii, na tumeziacha zikapata vumbi.

Pandeni pia. Miaka hii Idi zote mbili zinaangukia ndani ya masika au karibu yake, na ardhi inapokea. Badala ya kila mtoto kupewa fedha tu, apewe na mche wake: mzambarau, mkuyu, mkungu, mshelisheli, mvule kwa mwenye subira. Mpapindi, ule mnazi mwembamba wa msituni ambao asili yake ni Pemba, umekuwa ukipandwa kwenye bustani za watu ng'ambo ilhali sisi tunaupita Ngezi bila ya kuutazama; pandeni mmoja mbele ya nyumba. Mche ufungwe kijiti, mtoto aonyeshwe namna ya kuumwagilia, na abaki mtu shamba wa kuutazama mbuzi wasiule. Bila ya huyo mtu hakuna mche utakaopona, naye pia apewe sikukuu nzuri.

Manati yakusanywe siku hiyo. Najua utamu wake, na najua kila sikukuu watoto wa mjini hutengenezewa na binamu zao wa shamba kwa mpira wa baiskeli na tawi la mpera. Wapeni kitu chengine cha kufanya kwa macho yale yale. Washindane nani atamuona ninga wa kwanza: ni mgumu kuonekana, rangi yake ni ya majani yenyewe, utamjua kwa tunda linaloanguka bila ya upepo. Jioni walale chali kwenye jamvi wahesabu popo wanaopita, na kila familia iweke hesabu yake mwaka hadi mwaka. Idara ya Misitu itashukuru kuipata.

Na sikukuu ya pili, mnapoteremka pwani, Vumawimbi au kwengineko, chukueni mifuko ya kurudia na taka. Masika ni miongoni mwa misimu ya kasa kutaga. Mayai yake yamefukiwa mchangani juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, pahala pale pale watu wanapopenda kuegesha gari na kukoka moto wa kuchomea samaki. Gari libaki kwenye nyasi. Moto ukokwe chini, mchanga mbichi. Mkikuta alama za kasa, zile za mburuzo mpana kutoka majini, msizichimbue. Mwambieni mtu wa kamati ya pwani ya kijiji.

Mlioko mbali na hamtaweza kuja, tafadhalini msiseme hayawahusu. Nyinyi ni warithi, na sauti zenu zina uzito kwa sababu mara nyingi ndinyi mnaotuma fedha za shamba kusafishwa. Kabla ya Idi pigeni simu. Mwambieni anayesafisha asing'oe kila kichaka chini ya mikarafuu ya zamani. Aache upande mmoja. Mwambieni fundi wa nyumba mpya azungushe msingi mti ubaki. Siku ya kikao muwekwe kwenye simu ya video, mezani, muonekane na wote.

Mkimaliza, aandike mwenye hati nzuri: jina la shamba na kijiji, miti iliyochaguliwa na alama za mahali ilipo, mwenye kila mti, aliyechaguliwa kuisimamia, mchango uliokubaliwa na mlipaji wake, na tarehe zote mbili, ya Kiislamu na ya Kizungu. Watu wazima wote waliokuwepo waweke saini, wake kwa waume, maana mashangazi nao ni wenye miti. Karatasi moja ibaki kwa mkubwa wa familia. Ya pili ipelekwe kwa sheha, ili mnunuzi wa mbao akija kutaka kibali aulizwe kwanza kama mti umo kwenye orodha. Ya tatu ipigwe picha itumwe kwenye kundi la WhatsApp la familia usiku ule ule, asiyekuwepo asije kusema hakuambiwa.